Pembe za Ndama Ziondolewe Mapema, na kwa Ganzi

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayefuga bandani, kama wafanyavyo wakulima wengi wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro, huwaweka wanyama wake karibu karibu. Katika nafasi finyu kama hiyo pembe, ambayo malishoni ni silaha ya ng'ombe, hugeuka kuwa hatari. Ng'ombe mwenye pembe huweza kumjeruhi mwenzake kiweleni au ubavuni, kuwafukuza wanyonge horini, na hata kumdhuru mtu amkamuaye. Kwa hiyo kuondoa pembe kuna manufaa. Linalostahili kukemewa ni desturi ya kungoja hadi mnyama akomae, ndipo msumeno uletwe.

Ubaya wa desturi hiyo waeleweka kwa kuangalia jinsi pembe inavyokua. Ndama azaliwapo, kichipukizi cha pembe huwa ndani ya ngozi tu, nacho husogea kikiguswa kwa kidole. Afikapo umri wa miezi miwili hivi, kichipukizi huanza kushikamana na fuvu. Baadaye mfupa huota ndani ya pembe, na uwazi uliomo katika mfupa wa paji la uso huenea hadi humo. Basi msumeno ukatapo pembe ya ng'ombe mkubwa, hukata mfupa ulio hai pamoja na mishipa ya damu na ya fahamu. Damu hububujika, na tundu hubaki wazi, ambamo uchafu na mabuu ya nzi huweza kuingia na kuleta usaha.

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Katika siku chache za kwanza za ndama, dawa kali ya kuunguza yenye kostiki soda hutosha kuua kichipukizi. Mpakaji hapana budi avae glavu, azungushie mafuta mazito ili dawa isitiririke machoni, na amtenge ndama na mvua na kiwele cha mama yake. Baada ya hapo, maadamu kichipukizi hakijashika fuvu, hutumiwa chuma maalumu kilichopashwa moto sana, chenye kishimo cha kukizunguka kichipukizi. Chuma hicho hushikiliwa kwa sekunde chache tu, kwa sababu kikikawia joto lake huweza kudhuru fuvu na ubongo.

Hata hivyo, jeraha dogo si jeraha lisilouma. Ndama achomwaye bila ganzi hupiga mateke na kujirusha, na kipimo cha damu yake huonyesha kupanda kwa kortisoli, homoni ya mfadhaiko. Mshipa wa fahamu uletao maumivu ya pembe hupita kwenye ukingo wa mfupa, kati ya pembe ya nje ya jicho na kichipukizi. Mtaalamu wa mifugo akidunga lignokaini mahali hapo na kungoja dakika kumi hivi, sehemu hiyo hufa ganzi. Kwa kuwa ganzi huisha baada ya saa chache, na maumivu hudumu zaidi, yafaa ndama apewe pia dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe.

Wapo watakaosema kwamba ganzi ni anasa ya matajiri. Hoja hiyo haina nguvu. Ndama aliyetulia hushikwa kwa urahisi, chuma hakiendi upande, na kazi humalizika bila mtu kuumia. Majirani wenye ndama wa umri mmoja waweza kumwita mtaalamu siku moja na kugawana gharama.

Wengine watauliza kama kila ng'ombe hana budi kuondolewa pembe. La hasha. Ng'ombe wa wachungaji wanaohama huzihitaji pembe wajilinde, na wale wa Ankole husifiwa kwazo. Ushauri huu wawahusu ng'ombe wanaoishi bandani. Nao pia waweza siku moja kuepushwa na moto, kwa kuwa kutokuwa na pembe hurithiwa, na madume ya namna hiyo yapo.

Hadi siku hiyo ifike, mfugaji amkague ndama wake tangu juma la kwanza, amwite mtaalamu mapema, na asikubali kazi ifanywe bila ganzi. Binadamu ndiye aliyemfungia ng'ombe bandani kwa faida yake. Ni haki agharimie pia kumpunguzia maumivu.