Mombasa: anayetoka Kivu asichague ufuo kwa picha

Wafanyabiashara wa Butembo, Beni na Bunia wanaijua Mombasa kwa makontena. Mizigo yao inashuka bandarini, inapita Nairobi na Kampala, kisha inaingia Congo kwa Kasindi ama Mahagi. Lakini kuna wanaosafiri na bibi na watoto: kazi ya bandari ikiisha, wanabaki siku mbili tatu ili familia ione bahari. Ni jambo jema. Congo ina mwambao wake huko Muanda, usiofika hata kilomita 50, lakini kwa mkaaji wa mashariki, bahari ya jirani ni rahisi kufika kuliko ile ya nchi yake mwenyewe.

Shida inaanza pale familia inapouliza: twende ufuo gani? Wengi wanachagua kwa picha ya hoteli waliyoiona kwenye simu. Mchanga mweupe, minazi, kiti cha kulalia. Mtu aliyekulia kando ya ziwa angefaa kuchagua kwa mambo mawili ambayo picha haionyeshi: saa ya maji, na njia ya kufika kwenye mchanga.

Saa ya maji kwanza, kwa sababu hapo ndipo uhai wa mtoto unapoingia. Ziwa Kivu asubuhi liko pale lilipokuwa jana jioni. Tanganyika limepanda na kuingia katika nyumba za watu Uvira na Kalemie, lakini lilichukua miezi na miaka. Bahari ya Hindi inajaa na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka maji kujaa hadi maji kupwa ni karibu masaa sita. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku ambazo watu wa Pwani wanaziita bamvua, tofauti kati ya maji ya juu na maji ya chini hapo Mombasa inaweza kupita mita tatu.

Kwa hiyo ufuo mmoja una sura mbili. Maji yakipwa, watoto wanatembea mbali juu ya mchanga na mawe hadi karibu na mwamba wa matumbawe, maji yakiwa magotini. Maji yakijaa, mchanga ule ule unafunikwa, na sehemu zingine mawimbi yanapiga ukuta wa hoteli. Hatari iko katikati: familia imeenda mbali kupiga picha, na maji yanarudi kwa nyuma, yakipitia kwanza mikondo iliyo chini kuliko pale waliposimama. Kujua kuogelea Kituku ama Kalundu hakutoshi hapo.

Saa hiyo pia haikai mahali pamoja. Kila siku inasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mvuvi yeyote na mfanyakazi yeyote wa hoteli anaijua ya leo, kumuuliza hakulipishwi. Na kuna majira. Likizo kubwa ya wanafunzi wa Congo, Julai na Agosti, inaangukia wakati wa kusi, upepo unaochafua bahari na kuleta mwani mwingi ufuoni. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, na mara nyingi bahari hutulia zaidi. Anayekuja kwa Noeli anakuta bahari nzuri na watu wengi. Anayekuja Agosti anapata nafasi, lakini asishangae maji yakikosa rangi ile ya kwenye picha.

Jambo la pili ni njia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji ya juu na ya maji ya chini ni ardhi ya umma. Kiti ni cha hoteli, mwavuli ni wa hoteli. Mchanga unaolowa na kukauka ni wa wote. Lakini sheria hiyo haimbebi mtu juu ya ukuta. Mahali ambapo viwanja vimefuatana bila kichochoro, mchanga wa wote unafikiwa na aliyelipa chumba tu. Kabla ya kulipa nauli, mtu aulize: nitapitia wapi?

Ukipima kwa mambo hayo mawili, orodha ya Mombasa inabadilika. Kisiwani, Mama Ngina ni mahali pa kupunga upepo jioni na kutazama meli zikiingia, si pa kuogelea. Chini ni mawe. Ukivuka daraja la Nyali, unafika ufuo wa Nyali wenye mchanga laini, lakini nyumba kubwa na hoteli zimeshika sehemu kubwa ya mbele, na njia za wazi ni za kutafuta. Shanzu, mbele zaidi kaskazini, ni patulivu zaidi, na panamfaa aliyepata chumba pale pale. Kusini, baada ya feri ya Likoni, kuna Shelly kwa walio karibu, kisha Diani katika kaunti ya Kwale, yapata kilomita 30 kutoka Mombasa. Diani ni pazuri kweli, lakini kwenda na kurudi siku moja na watoto wadogo ni kumaliza siku barabarani.

Inabaki Bamburi, na ndani yake ule ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wenyeji wanauita Pirates. Wenye pesa wanaudharau: kelele, ngamia wa kupanda, maboya ya kukodisha, wauza madafu na viazi karai. Hata hivyo, kwa familia nyingi zinazotoka Kivu na Ituri, huo ndio uchaguzi mzuri. Matatu inafika karibu, njia iko wazi kwa wote, chakula kinauzwa kwa bei ya mwananchi. Na muhimu zaidi, kuna wenyeji ndani ya maji. Mgeni akiona watu wa Mombasa wenyewe wanatoka na kuita watoto wao, naye anajua la kufanya. Kwenye ufuo mtupu hakuna wa kumfundisha.

Ni kweli kwamba siku za Idi, Noeli na mwaka mpya mahali pale panajaa sana, mtoto anaweza kupotea na simu kuibiwa. Dawa yake ni kwenda siku ya kazi, asubuhi, bei ya kila kitu ikikubaliwa kabla ya kukigusa, na mtu mzima mmoja akibaki nje ya maji kazi yake ikiwa moja tu: kuhesabu vichwa. Hiyo ni bora kuliko kumaliza faida ya safari kwa chumba cha siku mbili, kisha kukuta maji yamepwa wakati wote mliopanga kuogelea.

Safari ya namna hiyo ina faida nyingine. Mkaaji wa Goma aliyetembea kwenye ufuo ulio wazi kwa maskini na tajiri atatazama kwa jicho lingine kuta za Himbi zinazolificha ziwa. Wa Bukavu vile vile, akipita Muhumba. Kenya nako kuta zipo, lakini mwananchi ana kifungu cha kuonyesha na ana mahali pa kumpeleka mtoto wake bila kulipa mlangoni. Mji wenye maji mazuri hivyo unadaiwa na watu wake angalau njia moja ya kuyafikia.