Bibi Althea Gibson na Riziki ya Gofu

Mwezi Julai 1957, katika uwanja wa Wimbledon, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alimkabidhi Bibi Althea Gibson sahani ya ubingwa wa tenisi kwa wanawake. Yeye alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuupata ubingwa huo. Aliporejea New York alipokewa kwa gwaride la heshima barabarani, na mwaka 1958 akaushinda ubingwa ule ule mara ya pili. Lakini tenisi ya siku hizo ilikuwa mchezo wa ridhaa. Mshindi alipewa tuzo na makofi, kisha kodi ya nyumba akaitafute mwenyewe.

Binti huyu wa wakulima wa pamba wa South Carolina, aliyelelewa mtaa wa Harlem, hakuwa na urithi wa kumkimu. Aliyaacha mashindano ya ridhaa, akacheza tenisi ya maonyesho kabla ya michezo ya timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters, akarekodi santuri, hata akaigiza katika sinema. Hakuna kazi iliyodumu kati ya hizo. Ndipo alipoishika fimbo ya gofu kwa bidii, na mwaka 1964, akiwa na umri wa karibu miaka 37, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia katika LPGA, chama cha wanawake wa Marekani wachezao gofu ya kulipwa.

Kulipwa huko kwahitaji maelezo. Mcheza gofu wa kulipwa hana mshahara. Nauli, chakula, malazi na ujira wa mbeba fimbo hutoka mfukoni mwake, na hupata fedha endapo tu atamaliza miongoni mwa walio mbele. Zawadi za wanawake miaka ile zilikuwa ndogo mno kuliko za wanaume.

Tena gofu huchezwa katika viwanja vya klabu za watu binafsi, na klabu nyingi za Marekani, hasa za Kusini, ziliwajua watu weusi kama wapishi na wabeba fimbo tu. Chama cha wanaume chenyewe kilikuwa na kifungu katika katiba yake kilichotaka wanachama wawe weupe, kikafutwa mwaka 1961. Kwa hiyo mahali pengine Bibi Gibson aliruhusiwa kukanyaga majani ya uwanja lakini si sakafu ya jumba la klabu, na bingwa huyu wa Wimbledon alibadilishia viatu vyake ndani ya gari. Lenny Wirtz, aliyekuwa mkurugenzi wa mashindano ya LPGA, astahili sifa hapa, kwani alikataa kupeleka mashindano kwa klabu zilizomfungia mlango mwanachama wake.

Nguvu ya kupiga mpira mbali alikuwa nayo. Hata hivyo, utulivu wa mkono karibu na shimo hujengwa tangu utotoni, naye alianza akiwa mtu mzima. Mara moja tu ushindi ulimkaribia kabisa. Huko Columbus, Ohio, mwaka 1970, alimaliza sawa na wenzake wawili katika nafasi ya kwanza, na katika mchezo wa nyongeza Mary Mills akawashinda.

Alicheza mashindano 171 kwa jumla, na mapato yake yote hayakufikia dola 25,000. Mama yeyote azoeaye kupanga matumizi ya nyumba aigawanye hesabu hiyo: haifiki dola 150 kwa shindano, kabla ya nauli na kitanda. Si ajabu kwamba aliiacha gofu mwaka 1978. Hata hivyo, Renee Powell, mwanamke mweusi wa pili kuingia LPGA, alipofika mwaka 1967 alikuta mlango ule umekwisha kusukumwa.

Katika miaka ya 1990 Bibi Gibson alipatwa na kiharusi na ufukara. Aliyeomba msaada kwa ajili yake ni Angela Buxton wa Uingereza, ambaye walishinda pamoja tenisi ya wawili wawili Wimbledon mwaka 1956, na wapenzi wa mchezo wakachanga kutoka nchi nyingi. Alifariki tarehe 28 Septemba 2003, akiwa na umri wa miaka 76. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye sura yake, ameshika raketi.