Mteja Wako ni Nani Kwanza?

Mwandishi wa makala iliyowahimiza wafanyabiashara wadogo wote wa Kenya wajisajili VAT kwa hiari, ili wadai kodi waliyolipa kwenye manunuzi, hakuuliza wanamuuzia nani. Tumchukue msusi wa Nakuru. Msuko ni shilingi 1,500. Akiongeza asilimia 16, mteja anahamia kwa jirani. Akiacha bei ilivyo, zaidi ya shilingi 200 zinamtoka yeye. Naye atadai nini? Gharama yake kubwa ni malipo ya wasaidizi, ambayo hayana VAT. Eti cheti cha usajili kitampa heshima! Wateja wanatazama nywele.

Halafu kuna ritani ya kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hukuuza kitu. Kuchelewa ni faini ya shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, lolote lililo kubwa. Hilo makala iliruka.

Fundi wa vyuma anayeuzia kampuni zilizosajiliwa, huyo ajisajili: wao wataidai kodi hiyo, naye atadai ya mabati. Na ukifikisha mauzo ya milioni 5 kwa mwaka yanayotozwa kodi, sheria imeshakuamulia.