Ufundishaji Bora Hauna Budi Kuandikwa

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza. Katika kazi ya ualimu methali hii haitoshi.

Tutazame vyuo vya udaktari vya Marekani. Huko mhadhiri hupanda cheo kutoka profesa msaidizi hadi profesa mshiriki, kisha profesa kamili. Kamati ya wenzake husoma kumbukumbu za kazi yake pamoja na barua za wataalamu wa vyuo vingine, ndipo iamue. Ajira ya kudumu hupatikana kwa shida, na madaktari wengi wafundishao hospitalini hawaipati.

Kwa muda mrefu utafiti uliochapishwa ulithaminiwa kuliko ufundishaji, kwa kuwa makala huhesabika, ilhali somo zuri kando ya kitanda cha mgonjwa halimfikii msomaji wa faili. Mwaka 1990 Ernest Boyer alitoa hoja kwamba kufundisha nako ni usomi. Leo, katika vyuo kama Harvard, mhadhiri wa udaktari aweza kupandishwa cheo kwa ubora wa ufundishaji, mradi alete ushahidi: mitaala aliyoitunga, tathmini za wanafunzi, na maendeleo ya wale aliowalea.

Nasi walimu wa shule za msingi tuna ushahidi wetu, nao ni andalio la somo. Lisiwe karatasi ya kumridhisha mkaguzi tu. Sehemu ya tathmini ijazwe kwa ukweli: ni nani hakuelewa, kwa nini, na kesho utabadili nini. Asiyeandika hustaafu na ujuzi wake, na mwalimu ampokeaye huanza upya.