Mifumo ya mizigo ipimwe kama inavyotumika

Julai 31, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala, mkoani Pwani, sambamba na huduma ya treni za mizigo za SGR. Tangu siku hiyo mazungumzo ya Kwala yamekuwa ya vitu vinavyoonekana kwa macho: reli, mabehewa, barabara ya zege ya kilomita 15.5 inayotokea Vigwaza, na uwezo uliotangazwa wa kuhudumia makasha 823 kwa siku, yaani zaidi ya 300,000 kwa mwaka. Ni mazungumzo ya haki, maana msongamano wa bandari ya Dar es Salaam ndio ulioizaa Kwala. Hata hivyo, winchi hailitoi kasha getini kama nyaraka zake hazijakamilika, na nyaraka hizo siku hizi zimo ndani ya kompyuta. Hoja ya makala haya ni kwamba mifumo inayopitisha mizigo isikabidhiwe kwa umma kabla haijapimwa kwa namna ileile wakala wa forodha anavyoitumia: madirisha mengi ya kivinjari yakiwa wazi kwa wakati mmoja, kazi hii ikiingiliana na ile.

Tuitazame kazi yenyewe. Tamko la mzigo linaingia kwenye mfumo wa forodha wa TRA, TANCIS. Vibali vya taasisi kama TBS na TMDA huombwa kwa mtandao. Malipo ya serikali hupita kwenye mfumo wa GePG, ulioanza mwaka 2017, na kila ankara ina namba yake ya kumbukumbu. Wakala anayejua kazi hafungui ukurasa mmoja akaufunga ndipo afungue mwingine. Tamko la mzigo wa Lubumbashi liko kwenye kichupo cha kwanza, la mzigo wa Lusaka kwenye cha pili, kibali anachokisubiri kwenye cha tatu, na ankara imejifungua yenyewe kwenye dirisha jipya. Anarukaruka kati ya hivyo vyote kwa sababu wateja wanapiga simu na tozo za kuhifadhi mzigo hazimsubiri mtu. Hivyo ndivyo ofisi yenye wateja wengi inavyofanya kazi, na mfumo usioweza kuustahimili mwendo huo bado haujaiva, hata kama kila ukurasa wake, ukiwa peke yake, hauna dosari.

Upande wa wapimaji, wakati mwingine hadithi ni nyingine kabisa. Siku hizi mifumo hupimwa na programu zinazoendesha kivinjari kana kwamba ni mtu: zinabofya, zinaandika, zinasoma majibu, na hurudia hayo usiku kucha bila kuchoka. Selenium, iliyo maarufu kuliko nyingi, ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins akiwa kampuni ya ThoughtWorks, Chicago, na njia yake ya kuongea na vivinjari, WebDriver, ilipitishwa na W3C, chombo cha viwango vya wavuti, kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2018. Ndani ya utaratibu huo kila dirisha na kila kichupo kina kitambulisho chake. Kitufe kikifungua dirisha jipya, mtu hulifuata kwa macho bila kufikiri, lakini programu ya majaribio haihami. Inabaki kwenye dirisha la mwanzo mpaka iamriwe kwenda kwa jingine. Mpimaji hawezi hata kutegemea mpangilio wa vitambulisho, kwa sababu kiwango hakiahidi kwamba dirisha lililofunguka mwisho litaorodheshwa mwisho. Na dirisha likifungwa kabla programu haijaamriwa kurudi lilikotoka, hatua inayofuata inagonga mwamba. Usumbufu huo unamvuta mpimaji kwenye njia ya mkato: anathibitisha kwamba kitufe cha ankara kimebofyeka, anaishia hapo, na ripoti inatoka ya kijani tupu. Kama ankara iliyofunguka ni ya mzigo husika au ya mzigo wa jirani, hakuna aliyeuliza.

Swali hilo ndilo lenye uzito. Vichupo vya kivinjari kimoja kwa kawaida hutumia kibali kimoja cha kuingia kwenye mfumo. Msanidi akiamua kwamba seva ikumbuke "tamko linalofanyiwa kazi sasa" kwa mtumiaji huyo, kichupo cha pili kinapofunguliwa kumbukumbu ile inabadilika kimyakimya, na wakala akirudi kwenye kichupo cha kwanza kubofya kitufe cha kuhifadhi, taarifa zinaweza kuangukia kwenye tamko lisilo lake. Kosa la aina hii linajulikana sana kwa wajenzi wa tovuti, na ubaya wake ni kwamba vizuizi vya kawaida havilioni. Namba ya kasha, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 6346, ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho inayopatikana kwa hesabu ya zile za mwanzo, ili mtu akikosea kuandika mfumo umgundue. Lakini hapa hakuna aliyekosea kuandika. Namba ni sahihi, hesabu inakubali, ila imekaa kwenye jalada la mteja mwingine. Jaribio linalofungua ukurasa mmoja haliwezi kulikuta kosa hilo hata likirudiwa mara elfu moja. Litakutwa na jaribio linalofungua matamko mawili, likabadilisha la kwanza wakati la pili liko wazi, kisha likayakagua yote mawili.

Gharama ya kuzindua miundombinu mikubwa juu ya mifumo isiyopimwa kwa mazingira yake halisi inajulikana. Machi 27, 2008, Uwanja wa Ndege wa Heathrow, London, ulifungua jengo la tano la abiria. Ujenzi ulikuwa umechelewa na muda wa majaribio ukaliwa. Kichujio cha programu, kilichowekwa ili ujumbe wa majaribio usichanganyike na mifumo mingine, kikaachwa mahali pake baada ya uzinduzi, na mitambo ya mizigo ikawa haipati taarifa za mabegi ya abiria waliokuwa wakiunganisha safari kutoka mashirika mengine. Maelfu ya mabegi yalikwama na mamia ya safari zikafutwa. Jengo lilikuwa imara na mikanda ya mizigo ilikuwa mipya. Pengo lilikuwa kati ya namna mfumo ulivyopimwa na namna ulivyokuja kutumika, na kwa bandari kavu inayopokea kwa treni makasha yaliyoshushwa Dar es Salaam, pengo la namna hiyo si jambo la kufikirika tu.

Wapo wahandisi watakaopinga kwamba majaribio ya madirisha mengi ni ya polepole na ni tete: mtandao ukichelewa kidogo dirisha halijafunguka, jaribio linafeli bila kosa lolote, na timu inapoteza asubuhi ikifukuza kivuli. Wana hoja, na ndiyo maana sipendekezi kila jaribio liwe la aina hiyo. Hesabu za ushuru zipimwe chini, kwenye seva, ambako ni haraka na rahisi. Yachaguliwe mapito machache ambayo yakiharibika mzigo unasimama au fedha inapotea, na hayo yaandikwe kwa uangalifu: programu isubiri dirisha jipya litokee badala ya kuhesabu sekunde, itambue dirisha kwa yaliyomo na si kwa nafasi yake, na irudi lilikotoka kabla ya kuendelea. Kuna zana ambazo zenyewe hazikuundwa kwa kazi hii. Waundaji wa Cypress, kwa mfano, wamesema wazi kuwa vichupo vingi haviko kwenye mpango wao, na ushauri wao wa siku nyingi umekuwa kuondoa ile amri inayofungua kichupo kipya ili ukurasa ufunguke palepale. Kwa tovuti ya habari hilo halina neno. Kwa mfumo wa mizigo, ni kukiondoa kitu kilekile ambacho wakala atakutana nacho.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwa nini tupime madirisha mengi, badala ya kujenga mfumo mmoja unaomalizia kila kitu mahali pamoja? Tanzania tayari imechukua mwelekeo huo kupitia mfumo wa TeSWS, na ni mwelekeo sahihi. Lakini kuziunganisha taasisi hakuondoi wingi wa mizigo mikononi mwa wakala mmoja, wala hakuondoi ukweli kwamba jalada moja linaweza kufunguliwa na karani aliye Dar es Salaam na ofisa aliye Kwala dakika ileile. Hapo jaribio linahitaji vivinjari viwili visivyoshirikiana chochote, kila kimoja na mtumiaji wake, ili ijulikane nani anashinda wakihifadhi kwa pamoja, na aliyeshindwa anaambiwa nini. Kumzuia mtumiaji asifungue kichupo cha pili nako ni kumhamishia tatizo, kwani atatafuta kompyuta ya pili.

Atakayesema Kwala ina shida kubwa zaidi, za umeme, injini na mabehewa, hatakuwa amekosea. Ila injini ikiharibika kila mtu anaiona na fundi anaitwa. Jalada likichanganyika, mwananchi anaambiwa mtandao unasumbua, arudi kesho, na tozo inaendelea kuhesabika kwa jina lake. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Mamlaka ya Serikali Mtandao inayosimamia viwango vya mifumo ya umma. Mikataba ya mifumo ya forodha, bandari na reli ingeweza kudai mambo matatu kabla mkandarasi hajalipwa awamu ya mwisho: orodha ya mapito ya kazi iliyoandikwa pamoja na mawakala wenyewe, majaribio ya kiotomatiki yanayoyapita mapito hayo kwa madirisha na watumiaji zaidi ya mmoja, na takwimu za kubuni badala ya nyaraka za wateja halisi, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotutaka tuwe waangalifu. Hakuna hata moja linalohitaji mtambo mpya. Mkandarasi akishindwa kuonyesha matamko mawili yakifanyiwa kazi kwa pamoja bila kuchanganyikana, mfumo wake usipokelewe.