Utabiri wa tuzo za filamu: wanne kati ya watano bado si faida

Kila msimu wa tuzo za Oscar unapokaribia, biashara ya filamu katika miji ya Kasulu na Kibondo huingiwa na homa ndogo. Majina ya wanaowania tuzo hizo kwa kawaida hutangazwa huko Marekani mwezi Januari, na habari huwafikia wauzaji wa nyanda za juu za Kigoma siku hiyo hiyo kwa redio, king'amuzi na simu. Muuzaji anayejaza filamu kwenye flashi za wateja, pamoja na mwenye banda la video, hutamani kuwa amekwisha kubashiri wiki kadhaa kabla. Anayefika sokoni na mzigo wa kwanza ndiye huuza kwa bei anayoitaka.

Hamu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, wengi wanaobashiri huanzia mahali pasipofaa. Huanza na sura ya mwigizaji, hufuata sifa za filamu, na mwisho kabisa, kama wanafika huko, hutazama kanuni. Mfanyabiashara makini angeanza na kanuni, kwa sababu zinasomeka bila gharama na ndizo zinazoondoa majina mengi kabla ya kura yoyote kupigwa.

Mfano ulio karibu ni wa filamu za nyumbani. Ili filamu ya Kiswahili iwanie Oscar ya filamu bora ya kimataifa, ni lazima iwasilishwe rasmi na nchi yake, na kila nchi ina nafasi moja tu kwa mwaka. Tanzania iliwasilisha Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001. Baada ya hapo haikuwasilisha nyingine hadi mwaka 2022, ilipopeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Katikati hapo pana miaka 21, na ndani ya miaka hiyo ndimo filamu za Bongo zilipopata umaarufu wake mkubwa. Kava zenye sura ya Steven Kanumba zilijaa katika maduka ya filamu ya nchi nzima, na alipofariki Aprili 2012 umati mkubwa ulijitokeza Dar es Salaam kumzika. Lakini yeyote aliyebashiri kwamba filamu mojawapo ya wakati ule ingeteuliwa katika kipengele hicho alikuwa amepoteza kabla ya kuanza, kwa kuwa hakuna iliyokuwa imeingizwa mlangoni.

Lugha haikuwa kikwazo. Kanuni inataka zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe katika lugha isiyo Kiingereza, na kwa hilo filamu ya Kiswahili inajitosheleza. Kikwazo ni kamati ya kuchagua, makaratasi, na sharti la filamu kuonyeshwa kwa watazamaji wanaolipa kiingilio katika jumba la sinema la kibiashara kwa siku saba mfululizo. Banda la video la Kibondo, hata likijaza watu usiku kucha, halihesabiki.

Sharti hilo la siku saba si la kupuuzwa. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, lakini ilipigwa marufuku nyumbani. Septemba mwaka huo mahakama mjini Nairobi iliondoa marufuku kwa siku saba ili filamu ipate sifa ya kuwasilishwa. Majumba ya sinema yalijaa, na watabiri wa nje wakaona safari imenyooka. Kamati ya Kenya ikaichagua Supa Modo. Aliyekuwa ameweka fedha kwa kutegemea kelele za magazeti ya Ulaya alipata somo la bure kwamba kura ya kwanza hupigwa Nairobi, Los Angeles ikifuata nyuma.

Filamu ikishavuka mlango, hesabu yake ni ngumu lakini inafanyika. Mwaka ule wa Vuta N'kuvute nchi 92 zilikuwa na filamu katika kinyang'anyiro. Filamu 15 zilichujwa mwezi Desemba, na tano zikateuliwa Januari 2023. Kwa hesabu tupu, bila kujali ubora, kila filamu ilikuwa na nafasi moja kati ya sita hivi ya kuingia katika orodha ya 15, na takriban moja kati ya kumi na nane ya kuingia katika tano. Filamu yenye msambazaji tajiri Marekani hupanda juu ya wastani huo; isiyo naye hushuka chini yake. Vuta N'kuvute ilikuwa imeonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, jambo la heshima kubwa, lakini haikuingia katika orodha ya 15. Kusema hivyo si kuidharau kazi hiyo. Ni kusema bei yake katika soko la utabiri ilikuwa ya chini tangu mwanzo, na Mtanzania aliyeipandisha aliongozwa na uzalendo.

Upande wa waigizaji ndiko utabiri hupata nguvu, na ndiko pia huumiza zaidi. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba katika Oscar waigizaji huteuliwa na waigizaji wenzao. Kwa hiyo dalili iliyo bora kuliko maoni ya wahakiki ni orodha ya chama cha waigizaji wa Marekani, ambacho kina tuzo zake na kwa kawaida hutangaza majina kabla ya Oscar. Katika kupima utabiri huu, watu watatu wenye asili ya Afrika Mashariki wanatosha.

Wa kwanza ni Lupita Nyong'o katika filamu ya 12 Years a Slave. Mwaka 2013, kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Agosti, jina lake halikuwa na bei yoyote huko Hollywood. Desemba chama cha waigizaji kilimweka katika watano wake wa mwigizaji msaidizi wa kike, pamoja na Jennifer Lawrence, Julia Roberts, June Squibb na Oprah Winfrey. Oscar ilipotangaza wake Januari 2014, wanne walikuwa wale wale. Aliyeachwa ni Oprah Winfrey, jina kubwa kuliko yote katika orodha, na nafasi yake ikachukuliwa na Sally Hawkins. Machi mwaka huo Lupita alitwaa tuzo.

Wa pili ni Daniel Kaluuya, Mwingereza aliyezaliwa na wazazi kutoka Uganda. Filamu yake ya Get Out ilikuwa ya kutisha na ilitoka Februari 2017, mapema mno kwa mazoea ya msimu wa tuzo, ambapo filamu za kuwania hutolewa mwishoni mwa mwaka zikingali mbichi vichwani mwa wapiga kura. Chama cha waigizaji kilimtaja hata hivyo, na Oscar ikamtaja mwaka 2018. Safari hiyo pia wanne kati ya watano walilingana: James Franco aliachwa, Daniel Day-Lewis akaingia.

Wa tatu ni Lupita tena. Mwaka 2019 aliigiza sehemu mbili katika filamu ya Us, nayo ya kutisha, nayo iliyotoka mapema, mwezi Machi, na ya mwongozaji yule yule wa Get Out, Jordan Peele. Chama cha waigizaji kilimweka katika watano wake wa mwigizaji bora wa kike. Kila kitu kilifanana na hesabu ya Kaluuya. Oscar ilipotangaza Januari 2020, wanne kati ya watano walilingana kwa mara nyingine, na safari hii aliyeachwa alikuwa Lupita mwenyewe. Saoirse Ronan akachukua nafasi.

Wafanyabiashara wa maharage wa Kasulu wanaijua hesabu ya namna hii. Mnunuzi huchoma gunia kwa bambo, akaona sampuli nzuri, akalipa. Magunia manne yakiwa mazuri na la tano bovu, hasara hutegemea fedha ilikaa kwenye gunia lipi. Mtabiri anayejisifu kwamba amepata wanne kati ya watano anasema kweli, na kazi yake si mbaya. Lakini mwenye banda wa Kibondo hanunui orodha nzima ya watano. Huchagua filamu moja au mbili zenye sura anayoamini watu wake wataitaka, na kwa mapenzi ya kawaida sura hiyo ni ya mtu wa Afrika Mashariki. Aliyejaza mzigo wa Us mwanzoni mwa 2020 kwa kusubiri jina la Lupita alikuwa ameweka fedha yote kwenye gunia la tano.

Tuzo za Kiafrika zinahitaji kipimo kingine. Katika tuzo za Africa Magic zilizoanza mwaka 2013, baadhi ya vipengele huamuliwa na majaji na vingine na kura za watazamaji. Mjini Lagos, Machi 2016, Elizabeth Michael, maarufu kwa jina la Lulu, aliondoka na tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki, na Single Mtambalike, yaani Richie, akatwaa ya filamu bora ya Kiswahili kwa Kitendawili. Katika vipengele vya kura ya watazamaji, ubora wa filamu ni sehemu ndogo ya utabiri. Kinachopimwa ni wingi wa wafuasi wenye simu na bando, na hima ya msanii kuwahimiza. Tuzo za Bodi ya Filamu Tanzania, zilizoanza 2021, bado ni changa mno kwa mtu kujenga mazoea ya kubashiri juu yake, ingawa kwa mtengenezaji filamu wa Kigoma huo ndio mlango wa karibu zaidi.

Linabaki swali la fedha. Je, kuteuliwa kunaongeza mauzo Kasulu? Kwa jinsi soko lilivyo, kunaongeza kidogo na kwa muda mfupi. Mteja wa banda hachagui filamu kwa idadi ya vipengele ilivyowania. Huchagua kwa sura iliyo kwenye kava, kwa mapigano, na zaidi ya yote kwa kuuliza kama imetafsiriwa na ni DJ gani aliyetafsiri. Marehemu Lufufu wa Dar es Salaam aliifanya kazi hiyo ya kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili ikajulikana nchi nzima. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda na Burundi, filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye, na Muha anayesikia Kirundi hahitaji kuelezwa maana yake. Filamu iliyoteuliwa mara kumi lakini haijatafsiriwa hukaa kwenye kompyuta ya muuzaji kama chumvi iliyolowa. Miaka ambayo umeme wa miji hii ulitegemea majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya taifa kufika, mwenye banda alipiga hesabu ya kila saa ya kuonyesha, na hesabu hiyo haikuwahi kuwa na nafasi ya filamu ya heshima isiyojaza viti. Gridi imefika, viti havijabadilika.

Aidha, sehemu kubwa ya mzigo huu hunakiliwa bila idhini ya wenye kazi. Stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki zilianzishwa mwaka 2013, na COSOTA ipo kwa ajili ya hakimiliki. Anayepanga mtaji wake juu ya nakala zisizo na kibali anabeba hatari iliyo kubwa kuliko ya kubashiri vibaya.

Mara chache uteuzi hugusa soko jingine kabisa. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, kuhusu biashara ya minofu ya sangara Mwanza, iliwania Oscar ya filamu ya kumbukumbu mwaka 2006. Haikushinda, March of the Penguins ilichukua. Hata hivyo mwaka huo huo Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwa kuichafua nchi, na wenye viwanda vya samaki wakajikuta wakijibu maswali ya wanunuzi wa Ulaya juu ya filamu ambayo hawakuitengeneza. Mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa akifuatilia orodha za watabiri wa Oscar majira yale angeonekana kichaa, lakini yeye ndiye angekuwa na wiki kadhaa za kujiandaa.

Kundi la mwisho ni wawekezaji wadogo, wale wanaofuatwa na watengenezaji filamu wakiombwa kuchangia milioni moja au mbili kwa ahadi kwamba kazi inakwenda kwenye tuzo kubwa. Ahadi hiyo inapimika. Mchangiaji aombe kuona fomu ya kuwasilisha filamu na risiti ya ada pale ada inapotakiwa, jina la jumba la sinema na tarehe za hizo siku saba, na mkataba unaosema nani anamiliki haki za kuuza filamu kwa vituo vya televisheni na mitandao ya nje, kwa kuwa huko ndiko fedha ya filamu iliyoteuliwa hupatikana. Mtengenezaji mwenye karatasi hizo anaweza kushindwa, kama wengi wanavyoshindwa. Asiye nazo anaomba mchango wa harusi, na achangiwe kwa kiwango cha harusi.

Kwa wauzaji wa Kasulu na Kibondo, tarehe ya kuangalia ni ile ya Desemba, orodha ya filamu 15 za kimataifa inapotoka. Kama hakuna ya Kiswahili humo, mzigo wa Januari uamuliwe na DJ anayetafsiri.