Garanti ya Leuven na garanti ya Mudaka

NJIA YA KAVUMU
Na Furaha Nabintu

Kwetu Mudaka, jirani na Bukavu mashariki mwa Kongo, mtoto akipata buruse ya kusoma Ubelgiji, familia inahesabu viza, tiketi ya ndege na koti la baridi. Pa kulala hapamo katika hesabu. Tunajiambia kwamba anakwenda kwa Wazungu, na kwa Wazungu nyumba haziwezi kukosekana. Halafu Septemba inafika na simu zinaanza kuingia: mtoto analala sebuleni kwa rafiki wa rafiki huko Brussels, masanduku hajayafungua, masomo yameanza Leuven, chumba hakuna. Familia inauliza ni pesa ngapi zinazokosekana. Mara nyingi hazikosekani pesa.

Leuven ni mji wa zamani kweli. Chuo chake kilianzishwa mwaka 1425, mwaka 2025 kikatimiza miaka 600. Wazee waliosoma Kinshasa wanalijua jina hilo kwa Kilatini, maana Lovanium iliyofunguliwa mwaka 1954 ilikuwa binti wa chuo hicho. Mji wa namna hiyo ni mzuri kwa picha, lakini kwa mpangaji ni mgumu. Nyumba za karne ya 17 hazibomolewi ili kupandishwa ghorofa kumi, na wanafunzi wanaongezeka. Mle ndani kuna mtaa unaoitwa Groot Begijnhof, matofali mekundu, vichochoro vya mawe, mto Dijle unapita katikati. Zamani walikaa humo wanawake wacha Mungu walioishi pamoja bila kuwa watawa kamili. Mwaka 1962 chuo kiliununua mtaa mzima ukiwa umechakaa, kikautengeneza nyumba kwa nyumba, na mwaka 1998 UNESCO ikauandika katika urithi wa dunia. Leo wanalala humo wanafunzi na watafiti wageni. Ndiyo kusema mgeni kupewa nyumba katika mji wa kale si jambo lisilowezekana. Chuo kilinunua, kikakarabati, kikapangisha. Ila nafasi ni chache, na wanaoziomba wanatoka dunia nzima.

Anayekosa hapo anaingia sokoni kama wengine. Soko la vyumba vya wanafunzi, wenyewe wanaviita kot, lina kalenda yake: wenyeji wanaanza kuwekeana sahihi miezi mingi kabla ya Septemba. Mtoto wetu wakati huo bado anangoja viza, na viza yenyewe inashughulikiwa Kinshasa. Anapofika Leuven, vilivyobaki ni vile ambavyo wengine wamevikataa, na hata hivyo si rahisi kupata chumba cha maana chini ya yuro 400 kwa mwezi.

Halafu zinakuja karatasi. Mwenye nyumba anataka kuona hati za mshahara za miezi mitatu. Mtu aliyeshuka ndege juzi atazitoa wapi? Barua ya buruse wengine wanaikubali, wengine wanaitazama na kusema watapiga simu. Wakati huohuo sheria inamtaka mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ajitokeze kwenye komini, yaani ofisi ya manispaa, ndani ya siku nane za kazi, na komini inataka anwani. Si anwani ya kuandika tu. Polisi wa mtaa anakuja mwenyewe kugonga mlango, kuangalia kama jina liko kwenye kengele na kama kweli mtu analala pale. Sasa, wako wenye nyumba wanaokupa chumba kwa sharti moja: usijiandikishe hapa. Wanaogopa mambo ya kodi ya serikali. Kwa mwanafunzi Mbelgiji hilo si tatizo, yeye ameandikwa kwa wazazi wake. Kwa wetu ni kitanzi, kwa sababu bila anwani hapati kadi ya ukaaji, na bila kadi hata kufungua akaunti ya benki kunakuwa vita.

Ndipo matapeli wanapopata riziki. Tangazo lina picha nzuri, bei ni ya chini, mwenye nyumba "yuko safarini", funguo zitatumwa kwa posta, tuma tu garanti, yaani amana ya chumba, kwanza. Mtoto ambaye bado yuko Bukavu, akitaka afike chumba kikiwa tayari, ndiye samaki wao. Likelemba ya mama, chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, inavunjwa, pesa zinatumwa, na ile nyumba iko kweli, isipokuwa wanaokaa ndani hawajawahi kusikia kwamba inapangishwa. Mimi nawaambia wazazi: usitume hata yuro moja kwa mlango ambao hakuna mtu wako aliyeugonga. Leuven na Brussels hawakosekani Wabukavu. Mmoja aende aone.

Na rangi? Ipo, tusidanganyane. Kuna anayeandika ujumbe kwa Kifaransa na kutia jina la kwetu, akajibiwa kwamba chumba kimeshachukuliwa. Rafiki yake mwenye jina la Kiflamanda anaandika saa hiyohiyo na kuambiwa aje aone. Ubelgiji ina sheria ya kupiga vita ubaguzi wa rangi tangu 1981, na ina taasisi ya kupokea malalamiko, Unia. Jimbo la Brussels lilikwenda mbali zaidi: tangu 2019 wakaguzi wake wanaruhusiwa kujifanya wapangaji, majina tofauti, ombi lilelile, ili kumnasa anayebagua. Naiheshimu serikali inayokubali kwamba ugonjwa uko ndani mwake hata ikautungia kipimo.

Maana historia ya Wakongo kulala Ubelgiji si ya jana. Mwaka 1897 mfalme Leopold II aliwapeleka Wakongo 267 kwenye maonyesho ya Tervuren, hapo katikati ya Brussels na Leuven. Mchana walitazamwa katika vijiji vya kuigiza, usiku walilala katika mazizi ya farasi ya mfalme. Saba walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren hadi leo. Mwaka 1958, kwenye maonyesho ya dunia, Wakongo walioalikwa walilazwa tena Tervuren, kwenye kituo kilichojengwa kwa ajili yao, mbali na mji, wakisafirishwa kwa basi kwenda na kurudi. Miaka miwili baadaye wanasiasa wetu walikwenda Brussels kudai uhuru, na bendi ya African Jazz ya Grand Kallé ikapiga muziki katika hoteli Plaza, katikati ya mji. Kutoka zizi hadi Plaza ni miaka 63. Mwaka 1961 ikafunguliwa Maison Africaine huko Ixelles ili wanafunzi Waafrika wapate pa kulala, na kando yake ukakua mtaa tunaouita Matonge, kwa jina la ule wa Kinshasa. Matonge haukutokana na mpango wa serikali yoyote. Watu walikaa karibu na mahali ambapo mlango ulikuwa tayari umefunguliwa.

Huku kwetu wakati huohuo mambo yalikuwa kinyume. Mbelgiji aliyetumwa Costermansville, yaani Bukavu, hakutafuta nyumba: mtaa wa Ibanda ulikuwa unamngoja, na ziwa mbele ya baraza. Sisi tulipimiwa Kadutu, baadaye Bagira. Pandeni hapo Lwiro mtazame nyumba walizojengewa watafiti wa IRSAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1947. Na hata baada ya uhuru mgeni wa Bukavu hajapata shida. Tangu 1994, kila mgogoro unaleta mashirika, na mashirika yanaleta wapangaji wanaolipa zaidi ya dola elfu moja kwa mwezi huko Muhumba na Nguba. Mwenye nyumba anamtoa mwalimu na watoto wake, anapaka rangi, anaweka tangi la maji na jenereta, anangoja gari jeupe. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilipofunga kazi Kivu Kusini mwezi Juni 2024, wengine walibaki na majumba matupu, lakini bei haikushuka hadi kwa mwalimu.

Kuna mama mmoja hapa Mudaka, muuza sambaza, wale samaki wadogo, tunaheshimiana sana. Mwanawe yuko Leuven. Nyuma ya nyumba yake, mwendo wa dakika chache kutoka sokoni, ana vyumba vitatu vya kupangisha. Alinifuata siku ya soko akiwa na hasira.

"Mama Nabintu, wewe unaandika magazeti. Andika juu ya huyo Mzungu wa mtoto wangu. Ameomba garanti ya miezi miwili, na pesa yenyewe hataki kuishika mkononi. Eti iwekwe benki. Anaficha nini?"

Nilimweleza kwamba hafichi kitu. Huko Flandres, Leuven iliko, garanti ya chumba cha mwanafunzi haipiti miezi miwili, na pesa inaweza kukaa kwenye akaunti iliyofungwa yenye jina la mpangaji. Ikiwa humo, mwenye nyumba haigusi, mpangaji haigusi, mpaka wote wawili waweke sahihi au hakimu aamue. Faida ikizaliwa ni ya mpangaji. Siku ya kuingia wanapita pamoja ndani, wanaandika kila ufa na kila doa la ukuta. Siku ya kutoka wanapita tena na karatasi ileile. Kisichoandikwa kuwa kimeharibika hakidaiwi.

Mama alisikiliza, akatikisa kichwa. "Basi mwenye nyumba anakula nini?"

Anakula kodi ya mwezi, nikamwambia. Alicheka kwelikweli.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Mlango wa Ulaya ni mgumu kufunguka, na mtu mweusi unamchelewesha zaidi, nimeshasema. Lakini ukishaingia, pesa yako inabaki kuwa yako. Kwetu mlango unafunguka upesi kwa mwenye dola, halafu garanti inaliwa usiku uleule. Inakwenda kwenye mabati ya parseli nyingine, kwenye mahari, kwenye karo. Mpangaji akitaka kuhama anaambiwa angoje mpangaji mpya alete garanti yake, ndipo yeye arudishiwe. Komisionere, yaani dalali, ameshachukua chake, hayumo tena. Kongo ina sheria ya upangaji, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, na inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Bukavu nani anaifuata? Unaombwa miezi sita bila aibu, kwa dola, na risiti ni neno la mdomo.

Na lile swali la kabila, tulitofautisheje na lile la rangi? Mtu anapiga simu, chumba kipo. Anataja jina lake, kimya kidogo, chumba hakipo. Mshi anamuuliza Mrega, Mrega anamuuliza Mfuliru, na Munyamulenge wakati mwingine hata hafikii kuulizwa. Hatuna mkaguzi wa kujifanya mpangaji. Tungekuwa naye, angejaza daftari kabla ya kufika Kadutu.

Nitajibiwa kwamba benki zenyewe zilifunga milango Bukavu Februari 2025 kwa sababu ya vita, kwa hiyo akaunti hiyo iliyofungwa itafunguliwa wapi? Ni kweli, na sitamwambia mtu aweke garanti mahali pasipokuwepo. Lakini karatasi na kalamu hazijafungwa. Hata leo, bila benki, mwenye nyumba na mpangaji wanaweza kuandika mbele ya chefu wa mtaa: kiasi hiki kimepokelewa, kuta ziko hivi, mlango una kufuli hii, pesa itarudi siku ya kutoka. Likelemba zetu zinashika pesa za watu makumi kwa uaminifu bila benki yoyote. Zinashindwaje kushika garanti ya mpangaji mmoja, kwa ada ndogo, mwenye nyumba asiiguse? Kinamama wa soko la Mudaka wanaweza kulianza jambo hili Jumatatu wakitaka.

Nilimwambia hivyo muuza sambaza. Akasema ni wazo zuri, hasa kwa mwanawe akirudi na kupanga Bukavu. Katika chumba chake cha katikati alikuwa anakaa mwalimu, aliyehamia Miti miezi miwili iliyopita baada ya kumaliza kodi yake yote bila deni. Garanti yake ilikuwa dola 90. Nilimuuliza mama kama ameshamrudishia.

"Angoje kwanza," akasema. "Mtoto wa Leuven alihitaji garanti."